Xeon mbili za mtumba dhidi ya Ryzen 9: nimezipima zote hapa Mbeya kwa kazi nzito, nimeyaona

Wakuu salama? Hii rivyu nimeidaiwa muda mrefu na vijana kadhaa wa chuo wanaokuja geto kuniuliza swali lile lile, "kaka nichukue prosesa ya kori ngapi kwa ajili ya simulesheni?" Nikiwajibu kwamba kori (vile vichwa vya kuhesabia ndani ya prosesa) ndo kitu cha mwisho kuangalia wananiona namringia elimu. Sasa leo naandika yote, atakayesoma asome, atakayechoka akanywe chai.

Mashine yangu ni wokstesheni ya mtumba, lile dude jeusi ambalo maofisi ya Ulaya yanatoa yakishalichoka, afu linapakiwa kontena linakuja Dar. Ndani kuna prosesa mbili za Intel, Xeon E5-2680 v4, kila moja ina kori 14, saa yake 2.4 gigahezi, ikijitutumua inafika 3.3, ni za mwaka 2016. Kwa hiyo jumla kori 28. Nimelipia milioni moja na laki sita, ikaja na basi usiku, nikaipokea stendi alfajiri na baridi ile ya mwezi wa sita, dereva wa bajaji alivyoinyanyua akaniuliza "braza hii ni mashine ya kukoboa au?" nikamwambia karibia.

Mpinzani wake ni prosesa ya AMD, Ryzen 9 5950X ya dogo mmoja mwenye studio Soweto ya hapa hapa Mbeya, anaediti video za kwaya, harusi na sendofu. Kori 16, thredi 32 (kila kori inashika kazi mbili kwa pamoja), ikichangamka inagonga 4.9 gigahezi, ilitoka Novemba 2020. Ile mashine yake nzima ilimla zaidi ya mara mbili ya hela yangu, na ni nzuri kwa macho pia, ina taa taa, feni za kioo, ukiingia studio unaona kabisa hapa kuna kompyuta. Ya kwangu ukiiona unafikiri ni friji dogo limekufa. Tulikubaliana ananiazima yake wikiendi, mimi namsaidia mambo ya Linux na namwekea bakapu za kwaya zake.

Kazi niliyopimia ni WRF, ile modeli ya hali ya hewa ambayo inatolewa bure na iliandikwa sehemu kubwa kwa Fortran. Mjomba wangu analima viazi upande wa Isyonje na ana parachichi chini kidogo kuelekea Tukuyu, na shida yake ni moja tu, siku ya kupiga dawa ya ukungu. Ukipiga asubuhi mvua ikashuka mchana, dawa yote imeoshwa, hela imeenda mtoni. Utabiri rasmi ni wa TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, hilo halina ubishi na mimi sishindani nao, ila nilitaka kujifunza kushusha utabiri mpaka kwenye kimlima chenyewe. Data ya kuanzia ni GFS ya Wamarekani, inatoka mara nne kwa siku, bure, ila inaigawa ramani kwa visanduku, na kisanduku kimoja ni robo digrii, yaani kama kilomita 28 kwa huku kwetu. Sasa fikiria kilomita 28 kutoka mlima Rungwe, hapo ndani kuna mlima wa karibu mita 2,960, kuna bonde, kuna msitu, kuna mashamba ya chai, vyote modeli inaviona kama kitu kimoja bapa! Na mvua ya Tukuyu yote inatokana na hewa yenye unyevu inayopanda kutoka ziwa Nyasa ikagonga milima, ukiufuta mlima umeifuta mvua. Kwa hiyo lazima uende kilomita 9 afu ndani yake kilomita 3.

Hapo ndo prosesa inaanza kulia. Ukigawa kisanduku kwa tatu kwa eneo lile lile unapata visanduku mara tisa, na hatua ya muda nayo inabidi uipunguze mara tatu (kanuni ya mtaani ni sekunde sita kwa kila kilomita, kwa hiyo kilomita 3 ni sekunde 18), jumla kazi imekuwa mara 27. Sio mara tatu, mara 27. Laptopu yangu ya zamani ilikuwa inamaliza utabiri wa kesho kesho kutwa, sijui nautumia kufanyia nini.

Haya tuje kwenye karatasi. Hizi prosesa mbili kwenye hesabu za desimali ndefu kila kori inaweza kupiga hesabu 16 kwa kila mpigo wa saa, hapo ni sawa kwa sawa. Xeon zangu: kori 28 mara 2.4 mara 16, unapata kama gigaflopu 1,075 (gigaflopu moja ni hesabu bilioni moja kwa sekunde). Ryzen kwa saa yake ya chini ya 3.4: 16 mara 3.4 mara 16, kama 870, na kwa kuwa kiukweli inakimbia zaidi ya hapo basi zinakaribiana kabisa. Mtu akiishia hapa atasema aah, ngoma droo, chukua Ryzen mpya achana na mtumba. Na ndicho nilichoambiwa na kila mtu. Fundi mmoja Mwanjelwa akaniambia kabisa "Xeon ya 2016 unafufua maiti".

Kitu ambacho hakiandikwi kwenye boksi kwa maandishi makubwa ni njia za memori (RAM), yaani chaneli. Kila Xeon hapa ina chaneli nne za DDR4 ya 2400 (aina ya RAM na spidi yake), hiyo ni gigabaiti 76.8 kwa sekunde, mbili ni 153.6. Ryzen 5950X ina chaneli mbili tu, hata ukiweka DDR4 ya 3200 unapata 51.2. Gawanya kwa kori sasa: Xeon kila kori inapata kama gigabaiti 5.5, Ryzen kila kori 3.2. Yaani kijana mwenye mbio anakula kidogo kuliko mzee anayejikongoja.

Kwa asiyeelewa, nenda Uyole msimu wa viazi uangalie fuso inavyoshushwa. Makuli wana nguvu, mmoja anabeba gunia la rumbesa anakimbia nalo, sasa leta makuli 16 wenye miguu ya swala ila fuso ina mlango mmoja wa nyuma, utaona wanne wanabeba kumi na wawili wamesimama wanavuta sigara na kusukumana, na wote wanalipwa. Afu leta wazee 28 wenye mwendo wa kawaida, magari mawili, yote yamefunguliwa ubavu. Nani anamaliza? WRF ni kazi ya kubeba magunia, sio kazi ya kufikiri. Inachukua namba kutoka kwenye memori, inajumlisha kidogo, inarudisha, inachukua nyingine, mamilioni ya visanduku, kila hatua. OpenFOAM, programu ya simulesheni kwa wale wa maji na upepo, ni hivyo hivyo. Kori inakaa inasubiri namba ifike.

Sasa msifikiri nilifungua boksi nikawasha nikashinda. Siku ya kwanza mtumba wangu ULISHINDWA, tena vibaya, na hapa ndo nataka mtulie maana imeshamtokea mtu mwingine ninayemjua.

Nilikuwa nimeshaambiwa mashine ina RAM 64GB, nikawasha ikasema 64GB kweli, nikafurahi. Nikaendesha STREAM, kile kipimo cha John McCalpin ambacho hakina mambo mengi, kinabeba namba huku na kurudisha kule afu kinakwambia umebeba gigabaiti ngapi kwa sekunde. Matokeo yakanitoa jasho na baridi yote ile, chini ya nusu ya nilichotarajia. Nikaendesha WRF kwa kori 28, ikawa inachechemea, nikapunguza mpaka kori 14 ikawa haijapungua spidi kivile! Hapo nikajua kuna kitu. Usiku huo sikulala, nikapima joto, joto poa, nikaangalia saa ya prosesa, iko sawa. Kama saa nane usiku ndo nikakumbuka kuandika amri moja ndogo, numactl yenye kuonyesha vifaa, ikaniletea nodi mbili (nodi ni prosesa moja na memori yake), nodi ya kwanza ina memori 64GB, nodi ya pili... megabaiti 0. Sifuri wakuu. Prosesa ya pili haikuwa na hata punje ya memori yake, kila namba inayoitaka inabidi ikaombe kwa jirani kupitia ile waya ya katikati.

Nikafungua mfuniko. Aliyeniuzia alikuwa ameweka RAM nne za 16GB, zote upande wa prosesa moja, zimepangwa vizuri kabisa zinapendeza, na upande wa pili sloti nane tupu zina vumbi. Nilipompigia akasema "lakini si 64 zimetimia bosi?" Zimetimia ndio. Simtaji maana sidhani alikuwa na nia mbaya, ye anauzia watu wa ofisi na watu wa CCTV, hamna mteja aliyewahi kumuuliza RAM imekaa upande gani.

Dawa yake: nikatafuta RAM nane za 8GB badala ya nne za 16. Jumla ni ile ile 64 ila sasa kila chaneli imeshika kijiti chake, nne huku nne kule. Na angalieni, hizi mashine zinatumia RAM za seva, zile zinaitwa rejista zenye ECC (zinajisahihisha makosa), sio hizi za desktopu za kawaida, haziingiliani. Fundi wa kwanza Kabwe aliniletea za desktopu akalazimisha kwamba "DDR4 ni DDR4". Hapana fundi wangu. Nilizipata kwa kubadilishana na jamaa wa Dar, nikaongeza elfu hamsini, zikaja ndani ya boksi la viatu.

Nilivyozichomeka na kuendesha STREAM tena, ile namba ilipanda mpaka nikaita mtu aje aone. Karibu mara tatu ya Ryzen. Mashine ile ile, prosesa zile zile, RAM 64 zile zile kwa jumla.

Sasa matokeo ya kazi yenyewe, utabiri wa saa 48, kilomita 9 na 3, kutoka Rukwa mpaka ng'ambo ya ziwa Nyasa. Ryzen ya dogo kwa kori nne, tuseme ndo mwanzo. Kuweka kori nane ikawa nafuu kubwa inayoonekana. Kuweka kori zote 16, nafuu ikawa kama dakika ishirini tu kwenye kazi ya saa tano na ushee. Yaani kori nane za mwisho, ambazo ndo alizozilipia hela nyingi, zilinipa dakika ishirini. Ilimaliza kwa saa tano na robo hivi. Mtumba na kori zake 28, nimezifungia kila moja kwenye kiti chake ili zisihamehame (hii ni muhimu sana kwenye mashine ya prosesa mbili, usipozifunga Linux inazihamisha na namba zinabaki upande mwingine), ilimaliza kwa saa tatu na dakika arobaini. Nimerudia mara tatu siku tofauti, inacheza cheza dakika tano kumi basi.

Nikajaribu na zile thredi 56, si unajua tamaa. Ikawa polepole kidogo kuliko 28. Kwa kazi hizi thredi za ziada hazina maana, ni kuli wa pili anashika gunia lile lile. Zima tu kwenye BIOS upunguze kelele.

Ila nisiwe mwongo, dogo naye alilipiza. Aliniletea video ya kwaya, dakika 50, kamera nne, akasema irenda kwako tuone. Wakuu, nilidhalilika. Ryzen iliniacha mbali mno mpaka dogo akawa ananionea huruma, maana kurenda kule hesabu ni nyingi na namba nyingi zinakaa ndani ya keshi (memori ndogo iliyomo ndani ya prosesa yenyewe) hazitoki nje, kwa hiyo gigahezi zinafanya kazi yake. Hata kukompaili WRF yenyewe Ryzen inamaliza mapema zaidi. Na ile hatua ya kuandaa data kabla ya modeli kuanza, inatumia kori moja moja, pale mzee Xeon anakohoa kabisa, kori yake moja moja ni dhaifu ukiilinganisha na ya Ryzen.

Na hii ndo ile sheria ya bwana Amdahl ya 1967. Kama asilimia 5 tu ya kazi yako haigawanyiki, basi hata uweke kori milioni hautazidi mara 20. Piga mwenyewe: kwa kori 16 unapata mara 9 na kidogo, kwa kori 28 mara 12 kasoro. Umeongeza kori karibu maradufu, umepata nafuu ya theluthi hivi. Kwa hiyo kabla ya kununua kori nyingi jiulize programu yako ina sehemu ngapi za kusubiriana, maana vijana wengi wa chuo wanaendesha skripti ya Python inayotumia kori moja, afu wanataka mashine ya kori 64. Kijana, wewe unahitaji kori moja yenye mbio na kujifunza kuandika upya hiyo skripti.

Kitu kingine kilichonishangaza, eneo dogo. Kwanza kabisa nilijaribu kieneo kidogo tu cha kujifunzia, visanduku vichache, na pale Ryzen ilishinda Xeon. Nikachanganyikiwa. Sababu ni kwamba kazi yote ilikuwa inaenea kwenye keshi yake, ina megabaiti 64 za ngazi ya tatu, memori ya nje haiguswi sana. Ukikuza eneo, keshi imefurika, foleni ya mlangoni inaanza. Ndo maana mtu akikuletea vipimo vya yutyubu muulize alipima na kazi ya ukubwa gani. Kipimo kidogo kinakupa mshindi mwingine.

Na msidhani hii ni shida ya sisi wa mitumba. Frontier, ile kompyuta ya Marekani pale Oak Ridge iliyokuwa ya kwanza kwenye Top500, orodha ya kompyuta zenye kasi zaidi duniani, kuvuka eksaflopu moja (petaflopu elfu moja), mwaka 2022, kwenye Linpack, kipimo cha hesabu tupu, ilipiga eksaflopu 1.1. Baadaye ikapimwa kwa HPCG, kile kipimo kinachofanana zaidi na kazi za kubeba magunia, ikatoa petaflopu 14. Fanya hesabu, ni asilimia moja na kitu ya ile namba ya kwanza. Mashine ya wakubwa, inakula megawati, nayo inasubiri memori. Niliposoma hiyo roho ikatulia, nikaacha kuilaumu mashine yangu.

Umeme. Hapa ndo watu wengi walinitishia na mtumba. Nimenunua kile kipimo cha kuchomeka ukutani, Xeon ikiwa kazini inavuta kama wati 380, Ryzen kama 210. Mara muda wake, Xeon inakula kama yuniti 1.4 kwa utabiri mmoja, Ryzen 1.1. Kwa luku hizi za nyumbani ambapo elfu kumi inakupa kama yuniti 28, tofauti ni shilingi mia. Mia! Andazi nusu. Ila, na hii ila ni kubwa, mtumba hata ukiwa umelala tu haufanyi kitu unavuta wati 110, ukiuacha siku nzima ni karibu elfu moja imeenda bila kazi. Ukitaka mashine ya kuwasha asubuhi mpaka usiku ya kuandikia barua, mtumba utakufilisi taratibu.

Na kama umepanga nyumba yenye luku ya kuchangia, jiandae kisaikolojia. Nilikaa wiki mbili, mama mwenye nyumba akaja kugonga. "Mwanangu," akasema, "huo mlio wa usiku, humo ndani unasaga nini?" Nikamwamkia, shikamoo mama, nikamwonyesha mashine, nikamweleza mambo ya mvua. Akaiangalia, akaishika ubavuni ikiwa ya moto, akasema "sasa hii si ungeipeleka kule sebuleni kwangu, mimi baridi inaniua." Tukafikia muafaka natoa elfu kumi na tano zaidi ya wenzangu kwenye luku na kuanzia saa nne usiku feni nazibana. Jirani wa chumba cha tatu mpaka leo hanisalimii vizuri.

Ila baridi ya Mbeya ni rafiki wa prosesa jamani. Mwezi wa saba chumbani asubuhi unaona pumzi yako, zile Xeon zikiwa kazini full hazifiki hata nyuzi 65. Hewa ya huku juu ni nyembamba, tuko kama mita 1,700, kwa hiyo feni inabeba joto kidogo kuliko ingekuwa Dar, ila ubaridi wa hewa unafidia na chenji inabaki. Adui ni vumbi. Kiangazi kile cha mwezi wa tisa wa kumi, vumbi jekundu linaingia mpaka kwenye meno ya hitisinki, nyuzi zinapanda kumi kabla hujashtuka. Na mtumba wowote ukifika kitu cha kwanza fungua, badili ile pesti juu ya prosesa, ya kwangu ilikuwa imekauka kama ugali wa jana.

Umeme kukatika je? UPS ya kawaida inanishikilia dakika chache tu kwa wati hizo, kwa hiyo WRF nimeiambia iandike faili la kuendelea kila baada ya saa sita za utabiri, umeme ukirudi naendelea pale. Mtu anayeendesha kazi ya masaa Tanzania bila hilo faili anajitafutia presha.

Kuna wanaoniuliza kuhusu Intel za sasa zenye kori kubwa na ndogo mchanganyiko, kama i9-13900K yenye kubwa 8 na ndogo 16. Kwa michezo na ofisi poa sana. Kwa MPI, ile njia ya kugawa kazi kama ya WRF sawa kwa kila kori, ni tabu, maana zile kubwa zinamaliza afu zinasubiri ndogo kila hatua, ni kama kutembea na mtu mwenye kidonda cha mguu, mwendo wenu ni wake. Na njia za memori ni zile zile mbili. Sijawahi kukaa nayo kwa hiyo naishia hapo.

Nikitoa nyota, mtumba kwa kazi ya hali ya hewa nampa nne kati ya tano, moja nimeikata kwa kelele na ule uvivu wa kori moja. Ryzen ya dogo kwa kazi yangu nampa tatu, kwa kazi yake yeye mwenyewe tano na asiibadilishe kamwe, hata nilimwambia, maana alianza kutamani Xeon baada ya kuona zile namba, nikamwambia dogo tulia, kwaya hazina visanduku.

Mjomba kwa upande wake hajui lolote kuhusu chaneli. Wiki iliyopita alinipigia saa kumi na mbili asubuhi, nikamwambia leo mchana kuanzia saa nane milima ya kwako inanyeshewa, apige dawa kesho. Akanyamaza kidogo akasema "ndaga, ila mbona kumekucha kweupe hivi?" Ikanyesha saa tisa na nusu. Wiki ya kabla yake nilimwambia hainyeshi ikanyesha, hilo naye hajalisahau.

Ninachotafuta sasa hivi ni EPYC ya mtumba, prosesa ya seva ya AMD, zile za kizazi cha pili za 2019, mfano 7302, kori 16 tu lakini chaneli nane za DDR4 ya 3200, prosesa moja inatoa gigabaiti 204.8, na keshi megabaiti 128. Moja inazipiku Xeon zangu mbili kwa memori na wati 155 tu. Tatizo ni kwamba baadhi zimetolewa kwenye seva ambazo mtengenezaji amezifungia, ukichomeka kwenye mazabodi ya kampuni nyingine haiwaki, unabaki na kipande cha bati cha bei mbaya. Mwenye nayo ambayo haijafungwa aniambie, nakuja na mazabodi yangu tuiwashe mbele ya macho yangu. Na ije na RAM nane. Sio nne kubwa, nane.